UZI: Mhakiki naye aweke diwani yake ya mashairi mezani (kwa waandishi na wasomaji wa Kigoma)

#1 BintiUjiji

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, atakayechoka apumzike kisha aurudie.

Nauleta kwa sababu ugomvi wa waandishi na wahakiki hapa Kigoma umefika pabaya. Kuna watu wawili nawafahamu na wote nawaheshimu. Mmoja anaandika riwaya, mwingine ni msomaji mkali. Siku hizi wakikutana hapa mtaani Mwanga kila mmoja anageuza uso, na chanzo ni kurasa chache tu za kitabu. Waandishi wanasema wahakiki ni watu walioshindwa kuandika. Wahakiki wanasema waandishi wanataka sifa, ukigusa hata nukta wananuna. Nimewasikiliza wote na naona wanagombania jambo ambalo silo. Ukali haujawahi kuiua fasihi. Kinachoiumiza ni mtu kuhukumu kazi ya mwenzake bila yeye mwenyewe kuweka chochote mezani.

Nirudi nyuma kidogo, maana jambo hili lina mizizi hapa hapa kwetu.

Sheria ambazo kwa miaka mingi zimetumika kupima shairi la Kiswahili nchini ziliandikwa na mtoto wa Ujiji. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akaja kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha waziri, akafariki 1964 akiwa bado kijana. Kitabu chake kilitoka 1954. Wengi tunakumbuka nusu ya kwanza ya jina lake, Sheria za Kutunga Mashairi. Nusu ya pili tunaiacha: na Diwani ya Amri. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mzee yule hakuishia kuwaambia watu kwamba shairi liwe na vina (silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa mistari) na mizani (idadi ya silabi katika mstari), na kwamba urari, yaani ulingano wa hivyo viwili, ukivunjika limeharibika. Kwenye kitabu hicho hicho aliweka mashairi yake. Aliyeona sheria ni ngumu mno alikuwa na haki ya kufungua kurasa za nyuma, kuhesabu mizani ya Amri mwenyewe kwa vidole, na kumuuliza.

Saadani Kandoro naye ni wa Ujiji, mmoja wa waliokuwepo chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954. Kizazi chake kililelewa katika malumbano. Mtu anatoa shairi gazetini, lina dai au fumbo ndani yake. Asiyekubaliana naye hamwiti mjinga pembeni ya kahawa. Anamjibu kwa shairi, katika bahari ileile (aina ileile ya shairi), na mara nyingi kwa vina vilevile. Hebu fikirini kazi iliyomo humo. Ili uvitwae vina vya mwenzako lazima umsome neno kwa neno, ujue kafungia wapi na kalegeza wapi. Huwezi kujibu shairi ulilosimuliwa. Na jibu lako likipwaya, gazeti zima linaona.

Ikaja 1974. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na katika utangulizi akaeleza kwamba anataka kutumia lugha ya kawaida, ile watu wanayozungumza kila siku. Moto ukawaka. Wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, wakasema hayo si mashairi kabisa, ni maneno yaliyokatwakatwa. Wa upande wa pili wakajibu kwamba vina na mizani ni vazi tu, na uhai wa shairi uko kwingine. Watu walitukanana kisomi kwa miaka.

Lakini tazameni vitabu vilivyozaliwa na ugomvi ule. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi, waliotetea mashairi huru, walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Mwaka 1984 Mayoka, aliyesimama na mapokeo, akatoa Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Mmeona? Amri, Mulokozi na Kahigi, Mayoka. Hawa walipingana karibu katika kila kitu, ila jambo moja wote walilifanya: nadharia mbele, diwani nyuma. Kila mmoja alisema "shairi ni hivi," kisha akafungua kifua tumpige na sisi. Kezilahabi mwenyewe alivaa kofia zote mbili, kwani akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Alijua kuchambua na alijua maumivu ya kuchambuliwa.

Sasa njooni kwenye hali yetu ya leo.

Uhakiki wa kwanza ambao kijana wa Kigoma anaujua ni ule wa vijitabu vya mtihani. Unavijua. Kurasa ishirini za karatasi hafifu, kitabu kizima kimekatwa vipande: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kila kitabu, kiwe cha Zimbabwe au cha Zanzibar, kina "nafasi ya mwanamke katika jamii" na kina "ujenzi wa jamii mpya." Kwenye "kutofaulu kwa mwandishi" nimekuta mstari mmoja: "Mwandishi ametumia maneno makali." Maneno yapi? Ukurasa gani? Makali kwa nani? Hakuna. Aliyekiandika hakuweka hata nukuu moja tukamkagua. Na mtoto akimaliza shule anabaki na imani kwamba huko ndiko kuhakiki.

Uhakiki wa pili ni ule wa kwenye simu. Mtu anatoa kitabu, kundi la WhatsApp linajaa "hongera sana kaka," "kalamu yako ina moto," na maua. Ukiuliza umependa sura ya ngapi, kimya. Wenzangu waandishi, nawaambia kwa mapenzi: sifa ya asiyekusoma ina ubaya uleule wa tusi la asiyekusoma.

Uhakiki wa tatu ndio unaoniuma zaidi, nao ni ukimya. Ben Mtobwa alikuwa mtu wa mkoa wetu. Riwaya zake za Joram Kiango zilizunguka nchi nzima, kitabu kimoja kikipita mikono kumi mpaka jalada linatoka. Lakini kwa sababu zilikuwa za upelelezi, wasomi wengi walizitupia kwenye kapu la "riwaya pendwa," za kuburudisha tu, na wakaondoka. Alifariki 2008. Mtu aliyewafanya maelfu wapende kusoma Kiswahili alistahili mhakiki wa kukaa naye na kumwonyesha hapa umeweza kuvuta pumzi ya msomaji, hapa umetegemea bahati mno kumwokoa shujaa wako. Hata ukali angeustahili, maana ukali ni heshima ya aliyekusoma hadi mwisho.

Nirudi kwa wale wawili wa Mwanga. Kwenye riwaya ya yule mwandishi kuna binti anasafiri na meli ya Liemba kwenda kusini mwa Ziwa Tanganyika. Meli inafika kijijini usiku, binti anashuka kwa ngazi hadi gatini, mchumba anamsubiri na taa. Msomaji akaandika kwenye kundi: kijiji hicho hakina gati. Meli inasimama majini, inapiga honi, mitumbwi inatoka gizani kuifuata, watu wanashushwa na mizigo yao huku chombo kinayumba, wanawake wanapokezana watoto kwa mikono. Akamalizia: "Umejinyima tukio zuri kuliko lote kwenye kitabu chako."

Wakuu, mimi nimesoma uhakiki mwingi, sijaona wenye faida kama ule. Ulikuwa na ukurasa, ukawa na kosa, ukawa na njia ya kutokea. Mwandishi akajibu neno moja tu: "Wewe umeandika kitabu gani?"

Swali hilo lina ukoo wake. Ni lile la zamani, tuonyeshe diwani yako. Lakini zamani liliulizwa ili mazungumzo yaendelee, leo linaulizwa ili yafungwe. Na yule msomaji alikuwa ameshaweka diwani yake mezani: miaka yake ya kusafiri ziwani. Alichokijua ndicho alichokileta.

Nasimamia hapa. Ukitaka kumkosoa mwandishi leta mstari wake, leta ukurasa, na leta cha kwako tukipime: ubeti, nukuu, ujuzi wa jambo. Ukiwa mwandishi na umeletewa hivyo, huna haki ya kununa.

Karibuni.

#2 Mwl_Katubuka

Dada, nimekusoma chote. Nafundisha Kiswahili, na hapo kwenye vijitabu umenigusa penyewe.

Nikupe upande wetu. Darasa langu ni kubwa na nakala za riwaya iliyoteuliwa hazifiki vidole vya mkono mmoja. Nasoma kwa sauti, wao wanasikiliza, wengine wanasinzia maana wametembea tangu alfajiri. Mtihani unauliza dhamira, basi nafundisha dhamira. Mtoto akiandika kwamba aya fulani imemtoa machozi, msahihishaji hana pa kuweka alama. Kwa hiyo usimlaumu mtunzi wa kijitabu peke yake, yeye anauza kinachoulizwa.

Lakini nakubali madhara nayaona. Niliwaletea wanafunzi shairi lisilo na jina la mtunzi, nikawaambia wachague mstari mmoja tu walioupenda na waseme kwa nini. Darasa likawa kimya. Mmoja, hodari kweli, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, dhamira kuu ni ipi?"

#3 MnyamweziWaReli

Nawasalimu kutoka Tabora. Uzi mzuri, ila BintiUjiji naomba usiipake sukari historia.

Malumbano yale yalikuwa na sumu yake. Watu walifichana nyuma ya mafumbo wakatukanana mpaka koo zao. Mwenye sauti kubwa na marafiki gazetini alimnyamazisha mgeni. Na wanawake walikuwa wangapi pale? Bibi zetu walikuwa wakitunga nyimbo za ngoma na za harusi zenye majibizano makali kuliko hayo, lakini hakuna aliyewaita kulumbana kwenye karatasi.

Pili, kuhukumu kwa sheria kulikuwa na hatari yake. Mtu anahesabu mizani, ikitimia anasema shairi zuri, hata kama ndani hamna kitu. Nimesoma tenzi zimekamilika kila silabi na hazina hata wazo moja.

Tatu, riwaya utaijibuje kwa vina?

#4 BintiUjiji

Kaka wa Tabora, la wanawake nakupa mkono wangu wote. Nilipaswa kulisema. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akijibiwa kwenye ngoma na yeye anajibu papo hapo, na hakuna kitabu kilichomhifadhi. Huo nao ulikuwa uhakiki, mbele ya umati, bila pa kujificha.

La sumu pia ni kweli. Sisemi tuirudishe sumu. Nasema sharti lile la kumsoma mtu kabla ya kumjibu lilikuwa ndani ya umbo lenyewe la malumbano, hukuweza kulikwepa.

Kuhusu riwaya, vina vyake ni nukuu. Ukinukuu sentensi ya mwandishi ukaiweka kwenye uhakiki wako, umeshika alichokishika. Msomaji wa tatu anaziona sentensi zote mbili, yake na yako, anaamua. Kama uhakiki wako hauna hata sentensi moja ya kitabu, mimi nahesabu hukukisoma.

Mwalimu, shikamoo. Sikujua habari ya nakala. Ninazo riwaya kadhaa nyumbani, nitakutumia ujumbe tuone zitafikaje darasani kwako.

#5 KijanaWaGungu

Shikamooni wote. Mimi naandika mashairi, sijatoa kitabu. Niliwahi kuweka shairi langu kwenye kundi moja, mtu mzima mwenye digrii yake akaandika "takataka" akaweka na vicheko. Hakusema wapi. Nilikaa muda mrefu sijaandika chochote. Kwa hiyo dada akisema ukali hauui fasihi, naomba mjue kuna watu wanaacha.

Nilipoanza tena niliandika hiki. Naomba mnikosoe kwa mtindo anaousema dada, kama kweli upo.

*Usiku nimeamka, taa yangu mkononi,*
*Kitabu nakiandika, usingizi si machoni,*
*Mhakiki kanicheka, kanitupa jalalani,*
*Kalamu nimeishika, sitaiacha jamani.*

#6 MzeeWaMwembeni

Marahaba mwanangu. Mimi ni mtu wa Ujiji, si mwepesi wa haya mambo ya simu, mjukuu ananisaidia kuandika. Neno "takataka" ni la mtu aliyeshindwa kuhesabu. Mizani yako nimeihesabu mimi, nane kwa nane, imetimia mistari yote minne. Vina umevishika, -ka kati, -ni mwisho. Basi nakujibu kwa vyako:

*Kijana umetamka, nimekusoma makini,*
*Wa tatu umenishika, umeniingia ndani,*
*Wa nne umeanguka, "jamani" yafanya nini?*
*Neno lisilohusika, halikai ubetini.*

Umeelewa? Hilo "jamani" umeliita lije kukujazia mizani tatu na kukupa -ni. Limekuja, limekaa, lakini halina kazi. Mstari wa mwisho ndio msomaji anaondoka nao, usiukabidhi kwa kibarua.

#7 Mwl_Katubuka

Mzee, shikamoo, na asante. Nitaubandika ubeti huo ubaoni kesho Mungu akijalia.

Mdogo wangu wa Gungu, naongeza mawili. Mstari wa kwanza taa iko mkononi, wa pili unaandika kitabu, wa nne umeshika kalamu. Nimejaribu kukuona: mkono mmoja taa, mmoja kalamu, kitabu kinashikwa na nani? Ni jambo dogo lakini likishaonekana halifutiki.

La pili ni "kanitupa jalalani." Naona umezidisha. Alikucheka, sawa, ila kukutupa jalalani ni kumpa uwezo asiokuwa nao. Ningependa neno la chini kidogo.

#8 MnyamweziWaReli

Mwalimu, la taa nakuunga mkono, la jalala nakukatalia. Ukitoa jalala ubeti mzima unapoa. Aliitwa takataka, takataka hutupwa wapi?

#9 KijanaWaGungu

Mzee wangu, nimeusoma ubeti wako nikaenda nje nikarudi nikausoma tena. Sikuwahi kujibiwa shairi kwa shairi. Asante sana.

"Jamani" nimelitoa. Kweli lilikuja kwa sababu ya -ni, nilijua moyoni nikajifanya silioni. Mwalimu, taa nimeiweka chini, uko sahihi, hata mimi sasa siwezi kutoiona ile mikono.

*Usiku nimeamka, taa naweka mezani,*
*Kitabu nakiandika, usingizi si machoni,*
*Mhakiki kanicheka, kanitupa jalalani,*
*Kalamu nimeishika, naanza tena mwanzoni.*

Jalalani sitoi. Nimelifikiria kwa heshima zote, Mwalimu, na hoja yako nimeielewa. Lakini siku ile jalalani ndipo nilipojiona nipo, na nikiweka neno la chini nitakuwa naandika siku ya mtu mwingine.

#10 MzeeWaMwembeni

Usilitoe. Sasa tuletee ubeti wa pili, na huo "usingizi si machoni" tutaujadili, bado sijaukubali.